Kompyuta inakoseaje hesabu, na nani analipwa kuithibitisha?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu, sayansi ya kompyuta, hapa Dodoma. Hesabu naipenda kuliko kutengeneza programu za simu, ambako ndiko wenzangu wengi wanakimbilia. Nimesikia wapo watu ambao kazi yao ni kuthibitisha kwamba kompyuta inahesabu sawasawa. Naomba kuuliza: kompyuta inakoseaje hesabu? Hiyo ni kazi ya kumlisha mtu kweli, au ni ya maprofesa wachache wa Ulaya? Na nianzie wapi? Kaka yangu anasema akili bandia itakuwa imeimaliza kabla sijavaa joho.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na mhazini mmoja wa SACCOS, kwa sababu ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hii bila mwenyewe kujua.

Nilikuwa nimemaliza chuo karibuni, naitwa huku na kule kurekebisha mifumo. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilikuwa kinapoteza fedha kidogo kidogo kwenye mfuko mkuu. Kila muamala ulikatwa ada ya shilingi 100, na ada hiyo ikaingizwa kwenye jumla ya mfuko. Mwisho wa mwezi stakabadhi zinasema hivi, kompyuta inasema pungufu. Hazikuwa nyingi: kwa miamala 1,250 zilikuwa zimepungua 5,000. Lakini fedha za watu ni fedha za watu, na aliyeshika daftari alikuwa mama mmoja wa makamo. Kwenye kikao waliuliza yale maswali ya kuzunguka ambayo kila mtu anajua yanamlenga nani. Siku niliyofika nilimkuta amekaa na mafaili ya miezi sita mapajani, anajumlisha upya kwa kikokotoo kidogo cha mezani, mstari kwa mstari.

Kosa nililiona siku ya pili. Aliyeandika mfumo ule alitunza jumla ya mfuko kwenye namba ya nukta inayoelea ya biti 32, ile tunayoiita floti. Floti ya namna hiyo ina nafasi 24 tu za tarakimu za mfumo wa mbili. Hadi 16,777,216 kila namba nzima ina kiti chake. Ukipita hapo viti vinaanza kurukaruka: kimoja kila baada ya 2, kisha kila baada ya 4, na kuendelea. Mfuko wa chama ulikuwa umefika milioni 200, na huko viti vimeachana kwa 16. Namba 200,000,000 ina kiti. Ukiongeza ada ya 100 unataka 200,000,100, na kiti hicho hakipo. Vilivyo jirani ni 200,000,096 na 200,000,112. Kompyuta ikachukua kilicho karibu zaidi, 200,000,096, na shilingi 4 zikaanguka. Muamala uliofuata, 4 nyingine. Zidisha 4 kwa 1,250.

Nilimwonyesha yule mama kwenye karatasi, na nikaandika barua kwa kamati. Kwa dola, akaunti ya kikundi kidogo haifiki milioni 16 kirahisi, kwa hiyo mfumo kama ule ungeweza kufanya kazi miaka mingi bila kugunduliwa. Kwa shilingi yetu, chama cha kijiji kinapita hapo mapema sana. Fedha hutunzwa kwa namba nzima, basi. Hilo ulichukue leo hata kama hutasoma tena neno langu lolote.

Sasa angalia vizuri: prosesa pale haikukosea. Ilifuata kanuni iliyoandikwa, ile ya IEEE 754 ya mwaka 1985, ambayo mtu aliyeipigania kuliko wengine ni William Kahan wa Berkeley, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Turing mwaka 1989. Kanuni hiyo inasema: hesabu jibu kamili kana kwamba una tarakimu zisizo na mwisho, kisha likadirie kwenye kiti kilicho karibu. Ni kanuni nzuri mno. Kabla yake kila kampuni ilikadiria kwa namna yake, na programu iliyotoa jibu sahihi kwenye mashine moja ilitoa jibu jingine kwenye mashine ya jirani. Kosa la mfumo ule lilikuwa la mwandishi aliyedhani floti ni namba za darasani.

Dhana kama hiyo imewahi kuua watu. Tarehe 25 Februari 1991, kule Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na askari 28 wa Marekani wakafa. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde. Lakini moja ya kumi haina mwisho katika mfumo wa mbili, kama theluthi isivyo na mwisho kwenye desimali. Ilikatwa kwenye biti 24, ikapotea sehemu ndogo ya kama 0.000000095 ya sekunde kila mara. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100 mfululizo. Zidisha 0.000000095 kwa 3,600,000 upate sekunde 0.34, muda ambao Scud inatembea zaidi ya nusu kilomita.

Aina ya pili ya kosa ni pale prosesa yenyewe inapovunja kanuni. Mwaka 1994 profesa wa hesabu, Thomas Nicely wa chuo cha Lynchburg, Virginia, alikuwa anajumlisha moja gawanya kwa kila namba tasa pacha (namba tasa zinazoachana kwa 2, kama 11 na 13), kazi isiyo na faida yoyote ya kibiashara. Majibu ya kompyuta yake mpya ya Pentium hayakukubaliana na ya mashine ya zamani. Alichambua miezi kadhaa, akiondoa sababu moja baada ya nyingine, hadi akabaki na prosesa peke yake. Tarehe 30 Oktoba aliwaandikia wenzake. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 unapaswa kupata 1.33382, Pentium ile ilitoa 1.33374. Ndani ya chipu kulikuwa na jedwali la kusaidia kugawanya, na seli tano zilizotakiwa kuwa na 2 zilikuwa na 0. Intel, kampuni iliyotengeneza Pentium, ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya balaa hilo.

Wahandisi wa Intel hawakuwa wazembe, binti yangu, na chipu yao ilipimwa sana. Shida ni kwamba kupima hakufiki. Chukua amri inayopokea namba moja tu ya biti 64, mathalani kipeuo cha pili. Ukipima majibu bilioni moja kila sekunde utahitaji zaidi ya miaka 580 kumaliza zote. Kugawanya kunapokea namba mbili. Hapo miaka ya ulimwengu wote haitoshi. Ndiyo maana kampuni ya AMD, ikiwa karibu kutoa chipu yake ya K5 mwaka 1995, iliwaita J Moore na Matt Kaufmann washirikiane na Tom Lynch wa hapo AMD, wathibitishe kugawanya kwake kwa hoja, kwa programu ya ACL2 inayokagua kila hatua. Kwa maoni yangu ajira zetu zimezaliwa pale: kampuni zilielewa kwamba uthibitisho ni bei rahisi kuliko kurudisha chipu.

Uthibitisho wenyewe ukoje? Kaa na kalamu kidogo. Tuseme kikokotoo chako kinatunza tarakimu tatu za desimali. Tafuta wastani wa 5.01 na 5.03. Jumla ni 10.04, lakini tarakimu ni tatu tu, inakuwa 10.0. Gawanya kwa 2: 5.00. Wastani umetoka nje, mdogo kuliko namba zote mbili! Mwanafunzi akiona hivyo anauliza kama hata kompyuta za kweli zinafanya hivyo. Zinatumia mfumo wa mbili, na jibu ni hapana, kwa hoja fupi inayonifurahisha hadi leo. Chukua a ndogo na b kubwa. Jumla yao halisi iko kati ya 2a na 2b. Katika mfumo wa mbili, 2a ni a ileile iliyosogezwa nafasi moja, kwa hiyo ina kiti, 2b vilevile. Na kukadiria hakuruki kiti: namba iliyo juu ya 2a haiwezi kukadiriwa ikaanguka chini ya 2a. Basi jumla iliyokadiriwa bado iko kati ya 2a na 2b, na nusu yake iko kati ya a na b. Kwenye desimali hoja ilivunjika kwa sababu 5.01 mara 2 ni 10.02, tarakimu nne, haina kiti.

Umeona? Hatukupima jozi hata moja, na tumezimaliza karibu zote. Nimesema karibu, kuna tundu nimeliacha makusudi, nitalirudia mwishoni.

Sasa, kazi ya mtu mzima kwenye fani hii inakuwaje? Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi ni John Harrison. Alisoma Cambridge, na tasnifu yake ya uzamivu ilihusu namna ya kuifundisha kompyuta namba halisi kuanzia chini kabisa, ili iweze kukagua hoja zinazozihusu. Ulikuwa utafiti wa kinadharia, wa kukaa na mantiki. Sambamba nao alijenga programu ya HOL Light, ambayo kiini chake kinachoamua kipi kimethibitishwa ni mistari mia chache tu. Mtu anaweza kukisoma chote jioni moja na kukiamini. Mwaka 1998 Intel wakamchukua. Chipu yao ya Itanium haikuwa na amri ya kugawanya floti moja kwa moja: ilianza na makadirio ya jedwali, kisha programu ndogo ikayanoa kwa kuzidisha na kujumlisha mpaka jibu likamilike. Harrison akathibitisha kwamba biti ya mwisho inatoka sahihi kila mara, kwa kugawanya na kwa vipeuo vya pili, na kwa sine na kosine akathibitisha kwamba kosa halivuki kikomo kidogo kilichowekwa.

Ugumu wa kazi ile ni mahali pamoja. Jibu halisi likikaa karibu mno na katikati ya viti viwili, kosa dogo kuliko unywele linakutupa kiti kisicho chako. Njia aliyotumia kwa vipeuo ni ya kiungwana: thibitisha kwa hoja kwamba namba zenye hatari hiyo ni chache na zinaweza kuorodheshwa, ziorodheshe, kisha zikague moja moja. Hoja inafanya ilichoweza, orodha inamaliza kilichobaki. Baadaye Harrison alihamia Amazon, kwenye huduma zao za wingu, kuthibitisha hesabu za namba kubwa za usimbaji fiche, zile zinazolinda siri mtandaoni. Kwa hiyo mtu mmoja ameanza na mantiki tupu, akapita kwenye chipu, akafika kwenye usalama wa mtandao, na ujuzi ni uleule.

Njia ya Sylvie Boldo ni nyingine. Yeye ni wa Inria, taasisi ya utafiti wa kompyuta ya Ufaransa, amebaki kwenye utafiti. Pamoja na Guillaume Melquiond alitengeneza Flocq, maktaba ya nadharia za floti kwa ajili ya programu ya kukagua hoja ya Coq, ambayo sasa inaitwa Rocq. Hoja ya wastani niliyokuonyesha hapo juu ni ya aina anayoishughulikia. Ameandika utafiti mzima kuhusu wastani wa namba mbili, na ukiusoma utaona jambo dogo lina vyumba vingapi ndani. Yeye na wenzake walithibitisha programu nzima ya C inayotatua mlinganyo wa mawimbi, kuanzia hesabu ya vitabuni hadi kosa la kila ukadiriaji. Programu yenyewe ni fupi. Uthibitisho ulichukua watu kadhaa miaka.

Na usidhani mambo haya yako mbali nawe. Unapofungua ukurasa kwa Chrome kwenye simu yako, kivinjari na seva hukubaliana siri kwa kuzidisha namba zenye tarakimu 77 hivi. Prosesa hushika biti 64 kwa mara moja, kwa hiyo namba hukatwa vipande, na kila kipande hubebea kingine kama tulivyobeba namba kwenye kujumlisha shuleni. Kubeba kumoja kukisahaulika, kwa jozi moja kati ya mabilioni, usalama unavuja. Sehemu ya msimbo huo ndani ya Chrome imetoka kwenye mradi wa MIT uitwao Fiat Cryptography, ambao hutoa msimbo pamoja na uthibitisho wake.

Siku yangu ya kawaida haina makeke. Naandika kauli, naandika hoja, programu inakataa, narekebisha. Mistari kumi na miwili iliyokubalika ni siku nzuri. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa siku tatu nikitaka kuthibitisha kwamba x jumlisha 0 ni x. Nilidhani sijui kutumia programu. Jioni ya siku ya tatu nikasoma kwa makini kile ilichokuwa inanionyesha kuwa kimebaki: sifuri hasi. Floti ina sifuri mbili, yenye alama ya kutoa na isiyo nayo, na sifuri hasi ukiijumlisha na sifuri ya kawaida unapata sifuri ya kawaida. Kauli yangu ilikuwa ya uongo. Kikompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa mashine, kikifuta ile "jumlisha 0" kwa nia njema kinabadilisha jibu. Ikiwa kushikwa namna hiyo kunakukera, kazi hii itakuchosha. Kama kunakufanya ucheke peke yako saa mbili usiku ofisini, umepata mahali pako.

Ugali upo? Upo, ila sio kila mtaa. Wanaoajiri ni kampuni za chipu kama Intel, AMD na Arm, kampuni kubwa za wingu, na taasisi za utafiti. Kwenye matangazo tafuta "formal verification", yaani uthibitishaji rasmi, na utakuta wengi wanataka uzamili, baadhi uzamivu. Hapa nyumbani sijawahi kuona tangazo lenye jina hilo, na sitakuficha: kwa sasa ukitaka kuifanya kwa kutwa nzima, utaondoka au utafanya kazi kwa mbali. Lakini jicho linalojengwa na fani hii linahitajika benki, kwenye mifumo ya miamala ya simu na bima, na mwenye jicho hilo huku ni adimu. Mimi mwenyewe nimekula miaka mingi kwa kukagua mifumo ya fedha huku utafiti ukinisubiri usiku.

Kwa njia ya masomo: AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu, pale Kigali hutoa uzamili wa hesabu kwa ufadhili, na ni daraja zuri. Lyon na Paris wana shule za siku nyingi za fani hii, basi Kifaransa hakitakutupa, ingawa maandishi mengi ni ya Kiingereza. Austin, Texas, ndiko nyumbani kwa ACL2. Mkutano mkuu wa fani unaitwa ARITH, umekuwepo tangu 1969. Soma vichwa vya makala zake za miaka mitano iliyopita hata kama huelewi ndani, utajua watu wanahangaika na nini.

Lakini usisubiri chuo. Programu za kukagua hoja, yaani Rocq, Lean, Isabelle na HOL Light, zote ni za bure, na zinakimbia kwenye laptop ya mtumba. Nakushauri uchague moja tu kwa mwaka mzima. Mimi ningeshika Rocq kwa ajili ya Flocq, japokuwa Lean ina vijana wengi na msaada wa haraka. Kabla ya hapo jitengenezee floti ndogo ya tarakimu tatu za mfumo wa mbili, andika viti vyake vyote kwenye karatasi, jumlisha na kuzidisha kwa mkono mpaka uanze kuviona viti vikiachana machoni. Wanafunzi wangu waliofanya zoezi hilo kwa wiki mbili waliwapita waliosoma vitabu vitatu. Na hesabu za uchambuzi pamoja na mantiki uzishike kwa nguvu hapo Dodoma; programu za simu utajifunza wikendi yoyote.

Mwambie kaka yako, kwa heshima zote, kwamba hoja yake ina nusu ya ukweli. Mwezi Julai 2024 mashine ya Google DeepMind ilifikia kiwango cha medali ya fedha kwenye maswali ya olimpiadi ya kimataifa ya hesabu, na hoja zake nyingi ilizitoa kwa lugha ya Lean. Angalia hapo: iliandika kwa Lean ili ikaguliwe na Lean. Kadiri mashine zinavyoandika hoja na misimbo mingi zaidi, ndivyo tunavyohitaji mkaguzi asiyedanganyika. Mimi nazitumia zinimalizie lema, zile hoja ndogo za kuchosha, na nashukuru. Lakini nani anaandika kauli inayothibitishwa? Mashine ingeweza kuthibitisha kwamba mfumo wa SACCOS unafuata IEEE 754 kikamilifu, na uthibitisho ungekuwa sahihi, na yule mama angeendelea kukaa na mafaili mapajani. Kuijua kauli inayopaswa kuulizwa, kwamba shilingi inayoingia ionekane kwenye jumla, kulitaka mtu aliyeketi naye mezani.

Sasa lile tundu. Floti ya biti 64 ina kikomo, kama 1.8 mara kumi kwa kipeo cha 308. Ikiwa a na b zote zimepita nusu ya kikomo, jumla yao inageuka kuwa infiniti, na nusu ya infiniti ni infiniti. Wengi hukimbilia fomula nyingine: a jumlisha nusu ya tofauti, yaani a + (b − a)/2. Thibitisha kwa kalamu kwamba ikiwa a na b zote ni chanya, jibu la fomula hiyo, pamoja na ukadiriaji wote, halitoki nje ya a na b. Kisha ondoa sharti hilo la chanya, unitafutie a na b ambazo zinaivunja fomula. Ukiwa tayari, niandikie hoja yako yote, hata ikiwa imekwama katikati, na unionyeshe mstari ulipokwama.